Baraza ya Glenys

Kwenye kambi za karavani kuna ada moja: mgeni akianza kuingiza nyumba yake ya magurudumu inayovutwa na gari kinyumenyume, waliotangulia hutoa viti wakakaa kumtazama akiumbuka. Glenys Tranter, bibi wa miaka sabini na mbili, aliizoea ada hiyo. Hakutarajia kufanyiwa na mwanawe, tena uani kwake mjini Toowoomba.

Alikuwa amerudi kutoka kaskazini kwenye joto, alikokwenda kukwepa baridi, na wajukuu walikuja likizo wakitaka kulala ndani ya karavani. Lakini kabla ya safari Glenys alijenga baraza kwa mikono yake, na sasa njia kati ya baraza na tangi la maji ilionekana nyembamba mno.

"Haipiti hiyo, Mama!" alicheka mwanawe Craig, kakaa kitini na bia yake. "Si nilikwambia uchague moja: safari, ujenzi au sisi?"

"Kunywa bia yako, unyamaze."

Mumewe Merv akakimbilia nyuma kupunga mikono. "Kata kulia, mke wangu!"

"Merv, hebu toka, unaniziba!"

Glenys akarudisha gari nyuma polepole, mara moja tu, karavani ikatulia ubavuni mwa baraza. Mlango ukafunguka, na sakafu ya karavani ikalingana na ya baraza. Wajukuu, waliokuwa wamejipakia ndani, wakatoka mbio hadi kwenye meza ya chai barazani bila kukanyaga chini.

Craig akainuka, akaja kuchungulia zile sakafu mbili.

"Unadhani baraza niliipimia nini, mwanangu?" Glenys akauliza akipanda barazani. "Haya, leta kiti chako huku juu."