Chaki Yangu kwenye Milango ya Dilala

Nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka: mimi ndiye niliyechora misalaba kwenye milango ya watu, kwa chaki, mchana kweupe, wakati ule ule vijana walipokuwa wanafukuza watu wenye asili ya mkoa wa Kasai hapa Kolwezi, na sikuona ubaya wowote.

Sababu ni uvivu. Mgodi ulikuwa umesimama, mi nashinda ndani tu (hata sokoni namtuma mke wangu), ndipo wakanijia walimu wawili wa chuo kikuu, mmoja padri, mwingine Mwislamu, Mwalimu Idrisa, waliokuwa wanaandika pamoja kitabu juu ya namna Wakristo na Waislamu wanavyosaidiana siku mbaya kama zile: nani anampikia jirani mwenye msiba, nani anamficha nani. Wakaniomba kesho yake niwatembeze mtaa wetu wa Dilala nyumba kwa nyumba, kwa kuwa nimezaliwa huku na nimemaliza sekondari. Mdomo ukakubali, miguu ikakataa. Nikawaza: watu wa chanjo si wanaandikaga kwa chaki mlangoni, na hawapotei? Basi nami niweke alama, wageni wajitembeze wenyewe. Msalaba kwa Mkristo, mwezi kwa Mwislamu (mwezi wangu ulifanana na ndizi). Jua lilikuwa kali, watu wamejifungia, hakuna aliyeniona. Kwa jirani yangu Mama Mbuyi, Mkasai aliyezaliwa mtaa huu huu na kuapa kwamba hatoki, nilichora msalaba mkubwa kuliko yote, maana alikuwa anaimba kwaya.

Asubuhi nikaamshwa na mayowe. Mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba nyumba zenye alama ndizo zitakazovamiwa. Mama Mbuyi, mume wake na watoto walikuwa wameshakwenda kwenye gari la moshi, magodoro kichwani. Nikatoka mbio na pijama, kitambaa chenye maji mkononi, nikaanza kufuta mlango wa kwanza, wa pili, na hapo ndipo watu wakaniona.

"Kumbe ni ye!"

Wakanikamata kola, vifungo vikaruka, na katikati ya vurugu hiyo wakatokea wageni wangu, na padri (Mungu amsamehe) akasema kwa furaha: "Aksanti ya alama, Tata Ngoy! Zimetusaidia sana!"

Mwalimu Idrisa ndiye aliyewaeleza watu mpaka wakaniachia, kisha akanivuta mkono. "Twende stesheni tubarudishe. Dada yangu iko na nyumba nyuma ya musikiti, batalala kule."

Tukipita mbele ya nyumba ya Mama Mbuyi, watu wengine walikuwa tayari wanahamia, wanaingiza sufuria zao.

Stesheni ilijaa familia zilizolala pale zikingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Mama Mbuyi alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, akamshukuru, akauliza: "Na kisha ya kulala kule, narudia wapi?"

(Tangu siku hiyo nikiombwa kutembea, natembea.) Nikataka kuomba msamaha, kikatoka kilio na kamasi, mzee mzima, kifua wazi, mbele ya watu wote wale. Mama Mbuyi akamfunika mtoto wake mdogo vizuri, akaniangalia:

"Tata Ngoy, achaka kulia hapa. Batu batawaza ni weye banafukuza."