Pampu ya Mzee Bahati

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, nimeketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya kibanda cha bustani, jasho linanichuruzika mgongoni ilhali hakukuwa na joto la kumtoa mtu jasho. Kushotoni kwangu aliketi mzee wa Kikongo aliyetuhumiwa kosa kubwa. Mbele yetu walikaa watu watatu wa kamati, na mimi nilikuwa mkalimani kati yao. Kosa lile nililifanya mimi, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayelijua.

Keti, nikueleze. Najua utanijibu kwa Kiingereza. Nijibu upendavyo, mradi usikie. Kesho unampeleka bibi yako hospitali, nawe ndiye utakayemsemea kwa daktari, kwa hiyo hadithi hii ni yako kuliko yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kabla simu zenu hazijaanza kutafsiri hata harufu ya chakula. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mkali wa maneno, mvivu wa jembe. Tulitoka Garissa, tukapita Nairobi, tukapita Uholanzi, tukaishia hapa Balsall Heath, kwa Waingereza. Hooyo, mama yangu, bibi yako huyu huyu, alikuwa amelima kando ya mto Tana tangu usichana wake, na hapa alijikuta ndani ya nyumba yenye ua wa saruji ambao hata jani moja la dania halingeota. Aliposikia kuna bustani ya jamii inayokodisha vishamba, akaandikisha jina, akangoja miaka miwili. Siku tuliyopewa ufunguo wa geti aliubusu. Nilimcheka, Mungu anisamehe.

Mkataba nilitia saini mimi, maana yeye hakusoma Kiingereza. Karatasi ilikuwa na mambo mengi, lakini moja lilikuwa limepigiwa mstari: bustani ile hailimwi kwa dawa. Hakuna dawa ya wadudu wala ya magugu, hakuna mbolea ya dukani. Udongo unalishwa samadi na mboji basi. Atakayenyunyiza dawa ananyang'anywa kishamba, na udongo wake unalazwa miaka miwili bila kupandwa chakula.

Jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa Mzee Bahati. Kwao ni Uvira, alikuja kama mkimbizi, akaishi peke yake mtaa wa Aston na kupanda mabasi mawili kila siku ya Mungu ili kufika bustanini, isipokuwa Jumapili, siku ya kanisa. Alipanda maharage, maboga kwa ajili ya majani yake, na lengalenga, ule mchicha wa kwao ambao akina mama wa kanisani kwake walikuwa wakiungoja kwa hamu msimu mzima. Alikuwa na pampu ya manjano ya kubeba mgongoni. Ndani yake alitia maji, majivu na pilipili ya kusaga, akanyunyizia wadudu huku anapiga chafya mpaka machozi yanamtoka. Kamati ilijua na iliruhusu, kwa kuwa pilipili si sumu, ingawa Mzee mwenyewe alionekana kuumia kuliko wadudu.

Kiingereza hakukijua. Kila alipohitaji kusema na wenzake bustanini aliniita, "Abdi, kuya unisemeye," nami nilikwenda kumsemea. Ilikuwa kazi ndogo, na nilijiona bwana mkubwa kwayo.

Basi mwaka ule hooyo akapasuliwa goti. Akalala kitandani tangu mwezi wa nne, na kishamba kikabaki mikononi mwangu. Mimi nilikuwa nafanya kazi ghalani, zamu ya mchana. Leo nimechoka, kesho mvua, keshokutwa kuna mpira. Sangari hakungoja. Unalijua gugu hilo, lenye mizizi myeupe inayotambaa chini kama uzi. Ukikata kipande kimoja na kukiacha, umepanda kumi. Hooyo akiuliza kutoka kitandani, "Kitunguu changu kimeota?" nilimjibu, "Kimeota, hooyo, kizuri." Kitunguu chenyewe sikuwa nimekipanda.

Ikaja barua ya kamati. Safisheni kishamba katika wiki tatu, au mkirudishe. Niliisoma mara mbili nikaificha mfukoni. Ningefanya nini? Ningeweza kuchukua uma wa kulimia na kung'oa mzizi baada ya mzizi, kama wenzangu. Ningeweza kuomba msaada, na pale bustanini usingekosekana. Lakini nilikuwa na kiburi, na mwenye kiburi hupenda njia isiyoonekana na watu. Nikanunua dawa ya kuua magugu.

Nikamwendea Mzee Bahati nikamwomba pampu.

"Ya kufanya nini?" akauliza.

"Ya kumwagilia miche."

"Sawa. Ukimaliza, unaosha muzuri."

Nikanyunyiza Jumanne asubuhi, kabla ya watu kuja. Kila mlio wa geti la jirani ulinifanya niiname nyuma ya pipa la maji ya mvua, mtu mzima mimi, na ndevu zangu. Nilipomaliza niliona saa imekwenda. Nikatia maji kidogo ndani ya pampu, nikaitikisa mara moja, nikamwaga, nikaitundika kwenye uzio wa Mzee na kukimbilia basi. Mwanangu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Pampu ya kuazima nayo haisitiri kitu.

Ndani ya wiki mbili sangari akakauka. Nikamlimia chini kabla macho hayajamfikia, nikatandaza samadi juu, nikapanda vitunguu vilivyokwisha kuchipua. Kamati ilipita, ikanisifu kwa bidii. Nilipokea sifa zile na tabasamu.

Upande wa pili wa uzio mambo yalikuwa mengine. Siku ile ile niliyorudisha pampu, Mzee alikuwa ameijaza maji yake ya pilipili akanyunyizia shamba zima, kama desturi yake. Lengalenga likaanza kugeuka manjano nchani, kisha likawa jeupe, kisha likalala chini. Maharage yakafuata. Nilimwona amesimama katikati ameshika jani moja, analigeuza huku na huku. Nikapita na toroli bila kumsalimu. Najua, sikulelewa kuwa mtu wa kutosalimu mkubwa. Bibi yako akisikia hapa hata leo atakasirika.

Mtu mmoja akaiambia kamati kwamba amemwona mzee yule akinyunyiza, na mimea imekufa kama iliyopigwa dawa. Ndipo tukaitwa kibandani.

Mwenyekiti alikuwa Bi Jean, mwalimu mstaafu. Alimpenda Mzee Bahati, kila mtu alijua, na nilimwona anazungushazungusha kalamu vidoleni bila kuandika neno. Akaniambia nimwulize mzee alitia nini katika pampu.

"Pilipili, majivu na mayi," akajibu Mzee. "Kama kila siku."

Nikatafsiri sawasawa. Bi Jean akavuta pumzi, akasema: mwulize kama kuna mtu mwingine yeyote aliyeitumia pampu hiyo.

Nikamwuliza. Mzee alitazama mikono yake. Hakunitazama mimi. Kisha akasema polepole, "Ambia mama: kuna mutu aliniombaka ile pompe. Jina yake atalisema yeye mwenyewe."

Watu watatu wakanigeukia wakingoja. Nikamwona hooyo kitandani na goti lake. Nikauona ufunguo alioubusu. Nikasikia ile sauti yake ikiulizia kitunguu.

"Nobody," nikasema. Hakuna mtu.

Bi Jean alifumba macho kidogo. Akashauriana na wenzake kwa kunong'ona, haikuchukua muda. Kisha akaniambia nimweleze kwamba sheria ni sheria, na kwamba anasikitika, na kwamba inabidi arudishe ufunguo leo. Nikamwambia Mzee, "Wanasema uwape ufunguo."

Hakubisha. Ufunguo ule aliufunga kwenye kamba moja na wa nyumbani kwake, na fundo lilikuwa gumu. Alihangaika nalo kwa kucha, sote tukimtazama, hakuna aliyenyoosha mkono. Lilipofunguka aliuweka mezani akasema kwa Kiingereza chake, "Thank you, madame." Akatoka.

Nilimfuata hadi getini. Sijui nilitaka kumwambia nini. Alisimama kabla sijafungua kinywa.

"Abdi," akasema. "Kingereza sijui. Lakini ile neno ulisema mule ndani, ile nobody, ninajua. Siku baliniuliza ku biro ya bakimbizi nani alibakia mu famille yangu, mukalimani alijibu ile neno."

Nilitamani ardhi inimeze, mwanangu.

"Yeye alisema kweli," akaendelea. "Weye umesema uongo. Pompe nilikuazima, ukairudisha na sumu, nikanyamaza. Nilisema, ni kijana, ataogopa, kisha atasema. Leo nilikuazima mudomo yangu. Hiyo pia umeirudisha na sumu."

Akaenda zake kituo cha basi. Hakupaza sauti hata mara moja. Angenipiga ningeshukuru.

Nilibaki nimeshika geti, na niseme ukweli, bado nilikuwa napiga hesabu. Nikinyamaza, hooyo atabaki na kishamba chake. Nikisema, nitamvunja moyo akiwa kitandani. Hivyo ndivyo shetani anavyosema nawe, kwa sauti ya kumhurumia mama yako. Basi la Mzee likaonekana linakuja mbali barabarani. Nikakimbia, nikamshika mkono wa koti, nikamwomba arudi nami. Akanitazama sana, basi likapita, tukarudi.

Kibandani nikasema yote kwa Kiingereza: barua, dawa, pampu, neno la uongo. Bi Jean alikuwa amepauka. Aliponisikiliza mpaka mwisho hakunifokea. Alinyoosha kidole kwa Mzee, akasema: sasa mwambie yeye, kwa lugha yenu, haya uliyotuambia sisi.

Nimetafsiri maneno ya watu wengi maishani, lakini dhambi yangu mwenyewe nimeitafsiri siku moja tu. Nilimwambia kwa Kiswahili nilichokulia nacho, tangu barua mpaka neno la uongo. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: "Na mama yako anajua?"

"Bado."

"Basi kazi yako haiyaisha."

Alirudishiwa ufunguo wake, nami nikautoa wangu. Nikarudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe kufika. Hooyo hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo kitunguu hakikuota?" Nikasema hakikuota. Akageuza uso ukutani, na siku nne nilikula peke yangu.

Udongo wa Mzee ulilazwa pamoja na wetu, maana sheria haiangalii nia. Wakampa kipande kingine kule nyuma, karibu na rundo la mboji, kimejaa miiba na sangari. Niliruhusiwa kuingia kama mgeni wake, nikakilima chote kwa mkono, mzizi baada ya mzizi, kiangazi kile mpaka majani yakapukutika. Mzee alikaa juu ya ndoo akinionyesha nilipoacha. "Pale. Na pale. Weye unaona tu ile inakupendeza." Hooyo alipopona goti, Mzee alimpa tuta moja, naye akapanda vitunguu, na wakagombana juu ya nafasi kati ya miche kwa miaka iliyofuata, kila mmoja kwa Kiswahili chake.

Nikupe la mwisho, kisha ukalale. Baadaye sana Mzee aliugua, akapelekwa hospitali kule Edgbaston. Walimpa mkalimani wa kazi, mtu aliyesoma. Akamkataa kwa heshima. "Ninataka Abdi," akasema. Nikaenda. Daktari alizungumza maneno mabaya, kwamba ugonjwa ule hautapona, na kwamba muda uliobaki ni mfupi. Mzee alikuwa akinitazama mdomo. Ulimi ukanishawishi tena, mwanangu, safari hii kwa huruma ya kweli: mpunguzie, mwambie watajaribu dawa. Nikamwambia yote, kama yalivyosemwa, machozi yakinitoka.

Alinipapasa mkono. "Aksanti," akasema. "Leo pompe imerudi safi."

Basi sikiliza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona kwa wiki. Ukipewa kishamba, kilime kwa mikono yako, na gugu likikushinda sema limekushinda, kwa maana jirani atakayekusaidia yuko upande wa pili wa uzio. Ukiazima kitu cha mtu, kirudishe kisafi kuliko ulivyokipokea. Na ukiazimwa kinywa cha mtu asiyejua lugha ya wenye nchi, jua umeshika kila alichobakiwa nacho. Usiongeze, usipunguze, hata kwa kumpenda. Bibi yako kesho atataka kujua kweli. Mpe.

Mungu akupe mgongo wa kuinamia mizizi na moyo wa kutaja jina lako linapotakiwa. Udongo utakaoukanyaga ukuache hai, nawe uuache hai. Na siku yako ya kusemewa itakapofika, kama itakavyotufikia sote, akuletee mtu wa kukusemea asiyebadili hata neno moja.