Shangazi Zima-Washa na Kazi ya Ghorofa ya Kumi na Nne

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa fundi wa kompyuta kwa miaka kumi na saba katika kiwanda cha magodoro, na miaka yote hiyo hakuna mtu kiwandani aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Zima-Washa. Ukimpigia simu kumwambia printa imegoma, atakuuliza kwanza kama umeizima ukaiwasha tena. Ukimwambia mfumo wa oda umeganda, swali ni lilelile. Siku moja mlinzi wa getini alimlalamikia kwamba mkewe amemnunia tangu Ijumaa. Shangazi, ambaye wakati huo alikuwa amejikunja chini ya meza akifuatilia waya, alimwambia azime, ahesabu hadi thelathini, halafu awashe. Mlinzi akaenda kuutumia ushauri huo kwa namna anayoijua mwenyewe, na inasemekana ulisaidia.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kati ya stoo ya sponji na ukumbi wa mikutano. Hakikuwa na dirisha wala mlango. Mlango uliazimwa kwenda kuziba ofisi ya mhasibu, kwa ahadi kwamba utarudi baada ya wiki mbili, na hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Vumbi la sponji lilikuwa likiingia litakavyo. Kila alipofungua kompyuta alikuta ndani yake donge la manyoya ya njano lililojilaza kama kifaranga, na kila alipolitoa alipiga chafya tatu, si mbili wala nne.

Barua pepe ilimfikia katikati ya chafya ya pili. Ilitoka kwenye kampuni kubwa ya ushauri wa teknolojia, ile yenye jengo la vioo ambalo wapita njia hujitazamia meno. Mtu wao mmoja alikuwa amemwona kwenye mafunzo fulani, alipomuuliza mkufunzi swali ambalo lilimfanya mkufunzi atangaze mapumziko kabla ya muda. Walitaka aende kwa usaili wa nafasi ya Mshauri Mwandamizi wa Mageuzi. Shangazi aliisoma barua mara tatu akitafuta mahali palipoandikwa mtu anafanya nini hasa akishaajiriwa. Hakupaona. Paliandikwa tu kwamba atawawezesha wateja katika safari yao ya mabadiliko.

Jioni aliisoma kwa sauti mezani. Mumewe, ambaye ni kinyozi, aliposikia neno safari aliweka kijiko chini akauliza kama gari watatoa wao. Ilichukua muda kumweleza kwamba hakuna gari, hakuna abiria, na kwamba wateja hao wanasafiri wakiwa wamekaa ofisini mwao. Bibi, yaani mama yake shangazi, ambaye anaishi nao, alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine.

"Nikiulizwa mwanangu anafanya kazi gani, niseme nini?" aliuliza.

"Sema nashauri, mama."

"Unashauri nani?"

"Makampuni."

Bibi alifikiri. "Mimi nimeshauri watu tangu sijaolewa," alisema, "na hakuna aliyewahi kunijengea ghorofa."

Shangazi hakulala na jambo hilo tumboni. Alichukua daftari akachora mstari katikati ya ukurasa, kulia sababu za kubaki, kushoto sababu za kuondoka. Kulia aliandika kwamba amezoea, kwamba kiwanda kiko karibu na nyumbani, na kwamba meneja hawezi hata kufungua faili bila yeye. Kushoto aliandika neno moja tu, nimechoka, halafu akalipigia mstari mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka na mstari ukaonekana ukurasa wa pili.

Mumewe aliona daftari halitoshi, akaamua kukusanya maoni. Kwa wiki moja kila mteja aliyekalia kiti chake cha kunyolea aliulizwa kama mke wa kinyozi aende au abaki, na matokeo yaliandikwa kwa sabuni kwenye kona ya kioo. Watu walilichukulia jambo hilo kwa uzito ambao hawauonyeshi kwenye mambo yao wenyewe. Mwalimu mmoja wa hesabu alibishana na fundi viatu kuhusu umri wa kubadilisha kazi, akapandwa na hasira, akanyanyuka akatoka zake akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Alirudi kesho yake asubuhi, kavaa kofia, akakaa kitini amaliziwe. Hesabu ya mwisho ilikuwa kumi na tisa wanasema aende, kumi na tisa wanasema abaki, na mmoja alisema apunguziwe kidogo nyuma ya masikio.

Basi shangazi akaenda kwenye usaili ili akajionee. Alivaa viatu vya visigino alivyoviazima kwa mama yangu, vyenye namba moja pungufu ya miguu yake. Lifti ilimpeleka ghorofa ya kumi na nne, kwenye chumba kisicho na viti. Badala ya viti kulikuwa na mifuko mikubwa ya rangi iliyojazwa sponji, na mkuu wa idara, mwanamke mwenye miwani ya duara, akamkaribisha akae popote anapojisikia huru.

Shangazi alikaa, akazama. Mfuko ulimmeza mpaka magoti yakawa juu kuliko mabega, na usaili wote akaufanya akiwa anawatazama waliomsaili kutokea chini, kama mtu aliyeketi ndani ya beseni la kuogea. Alijaribu kujiinua mara moja, akazama zaidi. Alipoulizwa kwa adabu kama yuko sawa, alibonyeza mfuko kwa kiganja akasema hii ni sponji ya daraja la tatu, masalia ya kukatia magodoro, na kwamba waliowauzia waliwaambia ni ya daraja la kwanza. Mkuu wa idara akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kulikuwa na mshauri mwingine, bwana mmoja mrefu mwenye vikaratasi vya rangi ambavyo alikuwa akivibandika ukutani kila mtu anaposema neno. Ndiye aliyeleta fumbo la kupima uwezo. Alisema kuna mteja wao, kiwanda ambacho hawezi kukitaja kwa jina, ambacho mfumo wake wa oda huzimika kila Jumanne saa nne asubuhi na kukaa dakika arobaini bila kurudi. Wameshauandikia ripoti ya kurasa sitini. Je, yeye angemshauri nini mteja huyo?

 Shangazi damu ilimpanda usoni. Anaijua Jumanne hiyo kuliko mtu yeyote duniani. Jumanne saa nne ndipo wakuu wa idara za kiwanda cha magodoro wanapokutana ukumbini, na meneja huamuru liwashwe birika lake la umeme la lita thelathini, zawadi kutoka kwa wauzaji wa kemikali, ambalo analipenda kiasi cha kulifuta mwenyewe kwa kitambaa. Ukumbi na chumba cha shangazi vinatumia laini moja ya umeme. Birika likianza kuchemka, swichi inajiangusha, mfumo unazimika, na kuuamsha upya ni dakika arobaini. Shangazi alikuwa amelisema jambo hilo kwa miaka mitano. Mara mbili alilihamisha birika yeye mwenyewe, na mara mbili akalikuta limerudishwa. Sasa akiwa amezama kwenye mfuko wa sponji, ndipo anagundua kwamba meneja alikwenda kuwauliza watu wengine kwa siri.

"Hamisheni birika," alisema.

Yule bwana mrefu alishika kalamu bila kuandika. Akaeleza taratibu kwamba ripoti yao inapendekeza kuuhamishia mfumo wote kwenye seva za mbali, kwa awamu nne. Shangazi akamwambia hata wakiuhamishia mwezini, kompyuta zinazoufungua ziko kwenye laini ileile ya birika, na chai itaendelea kunywewa. Kisha akawaeleza habari nzima, pamoja na kitambaa cha kufutia. Mkuu wa idara alivua miwani akacheka mpaka akalazimika kugeukia ukutani. Ilihitaji washauri wawili, mmoja kila mkono, kumtoa shangazi kwenye mfuko, na kiatu kimoja kilibaki humo. Ajira akapewa hapohapo, akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Hakuikubali papo hapo. Aliomba siku tatu, na asubuhi yake akaenda moja kwa moja kwa meneja. Meneja alikuwa mtu mpole mwenye mazoea ya kuita kila mtu mpendwa wangu. Shangazi alimwambia kila kitu alichosikia, akamuuliza swali moja tu, kwa nini hakumuuliza yeye.

"Nilikuuliza, mpendwa wangu," alisema meneja, na ilionekana kweli ameona aibu. "Nilikuuliza, ukaniambia birika. Kiwanda kizima kinasimama dakika arobaini, wewe unaniambia birika. Nilitaka jibu kubwa."

Shangazi alisema baadaye kwamba kabla ya hapo alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini maneno hayo yalimtoa hasira yote ikabaki huzuni kidogo, halafu hata huzuni nayo ikaanza kumchekesha. Miaka kumi na saba amekuwa na majibu madogo yaliyo sahihi, na mtu mwema kama huyu alikuwa anayapita akitafuta makubwa. Meneja alimwahidi cheo kipya. Alimwahidi mlango. Shangazi alimshukuru kwa moyo safi, akaenda kuandika barua ya kuacha kazi, na printa ikagoma, akaizima akaiwasha.

Kazi ya kwanza aliyopangiwa huko juu ilikuwa, bila shaka, kiwanda cha magodoro. Aliingia ukumbini Jumanne akiwa na suti ya kijivu na picha za rangi kwenye skrini. Hakutamka neno birika hata mara moja. Alizungumza juu ya kutenganisha vyanzo vya joto na miundombinu ya taarifa, akaonyesha mshale mrefu wa kijani ukitoka ukumbini kwenda chumba cha jikoni, na mwisho wa mshale akachora duara. Wakuu wa idara walitikisa vichwa kukubali. Meneja aliandika kila neno, akauliza kama duara linaweza kutekelezwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mama mpika chai, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, aliuliza kama wanamaanisha alibebe sasa hivi au asubiri. Akaambiwa alibebe. Tangu siku ile mfumo haujazimika, na meneja husimulia wageni habari ya ule mshale wa kijani kwa fahari.

Shangazi ametimiza mwaka wa pili sasa. Amekataa kuandika ripoti inayozidi kurasa tatu, na bado bibi huwaambia majirani kwamba mwanawe yuko serikalini, kwa sababu ni rahisi kueleza. Wiki iliyopita nilimpigia simu mchana, akapokea kwa sauti ya chini yenye mwangwi. Alikuwa kwenye dari ya kampuni moja ya bima, ndani ya suti, akitafuta kwa nini kompyuta za ghorofa ya pili husimama kila mvua ikinyesha. Wenyeji wake walikuwa wamemwandalia ukumbi, wakimsubiri aje awaeleze mkakati. Aliniomba nimpigie baadaye, kwa kuwa alikuwa ameona ndege ametaga kwenye kiota kilicholowa maji juu ya waya.