Hirizi Iliyogoma Kuungua

Hili jambo huwa silisimulii, maana kila nikifika katikati najiona mjinga upya, lakini kwa kuwa kanisa zima lilikuwepo na wasiokuwepo walihadithiwa sokoni, bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Kanisa letu liko pembeni ya machimbo, upande wa Geita, na mimi nilikuwa kiongozi wa akina mama (cheo nilikivaa kuliko kitenge). Siku za kazi nauza dagaa wa Nkome. Sasa kulikuwa na mama mmoja, Mama Kulwa, ana mapacha wa kike wa miaka saba, kazi yake ni mwaloni, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu, mtu anainama kwenye maji na tope toka asubuhi mpaka jioni. Akikaa kwenye benchi, sisi tunasogea. Hatukumfukuza, tulisogea tu, maana tulishaamua wenyewe kwamba watu wa machimbo wote wanakwenda kwa mganga, na mwenye mapacha ndiyo kabisa, kwao hakukosi matambiko. Kwa hiyo benchi la mwisho likawa lake na wanawe.

Jumapili hiyo mchungaji alichelewa, alipitia kumwombea mgonjwa, na mwinjilisti mgeni ndiye aliyeongoza maombi ya kuvunja nguvu za giza. Mama Kulwa akaja mbele akapiga magoti, nami nikasimama nyuma yake kama tunavyosimama wahudumu, nikaona uzi mweusi shingoni, na kwenye uzi kifuko cha kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote. Ningeweza kumuuliza baada ya ibada. Nikavuta.

Uzi ukakatika, nikakiinua juu (kwa mkono huu huu ninaowapimia dagaa), nikasema, "Wapendwa, hirizi hii hapa."

Mama Kulwa akageuka. "Mama Neema, naomba unirudishie, hiyo si..."

"Msimsikilize," mwinjilisti akasema. "Huyo si yeye anayeongea."

Basi tukatoka wote nje, kifuko kikawekwa kwenye karai, kikamwagiwa mafuta ya taa, aliyewasha kiberiti ni mimi, na aliyeanzisha pambio ni mimi, nikacheza na mwili huu mnaouona mpaka kilemba kikadondoka. Kitambaa kikaungua, ikaja harufu ya nailoni, wakapiga vigelegele, lakini katikati kikabaki kitu hakiungui. Mwinjilisti akasema hilo pepo ni sugu, ongezeni mafuta. Tukaongeza. Kikagoma. Tukaongeza tena, na mimi nikapandisha pambio.

Ndipo mchungaji akashuka kwenye bodaboda, akauliza kuna nini, akaelezwa na watu kumi kwa mpigo, akachukua kijiti akachokoa majivu, akakisogeza kile kitu pembeni ya karai.

"Huu ni ufunguo wa kanisa," akasema. "Nilimpa mimi."

Kumbe kila Jumamosi jioni akitoka mwaloni Mama Kulwa ndiye aliyekuwa anafagia na kupiga deki kanisa, mwaka wa pili huo, na aliomba asitajwe. Ufunguo aliuzungushia nailoni usiingie maji, akaushonea kitambaa, akauvaa shingoni, kwa sababu ukiinama mwaloni mfukoni hakibaki kitu. Mimi, kiongozi wa akina mama, sikuwahi kujiuliza ile sakafu inang'arishwa na nani.

Alisubiri chuma kipoe. Akauokota kwa pindo la khanga, akaufuta masizi, akamkabidhi mchungaji kwa mikono miwili, akawashika wanawe akaondoka. Mwinjilisti akakumbuka kwamba ana safari.

Jumapili ya tatu, vumbi likiwa limejaa kwenye mabenchi, nikaona aibu imezidi, nikamfuata mwaloni. Nilisimama kwenye tope na viatu vya kanisani.

"Mwangaluka, Mama Neema," akanisalimia yeye kwanza kwa Kisukuma, bila kuacha kuosha.

Nikaomba msamaha, nikalia kidogo, nikamwambia benchi la mbele ni lake.

"Mimi nilishakusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini wanangu waliniona nimepiga magoti, halafu wakawaona nyie mnaimba. Kila Jumapili wananiuliza kama na wao wana pepo. Siwezi kuwarudisha pale."

Nikarudi nyumbani na tope viatuni.

Cheo nilikirudisha. Mkono wangu hautagusa tena shingo ya mtu, hata nikiona amevaa fisi mzima. Mama Kulwa bado ananunua dagaa kwangu, tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto. Kanisani haji. Wageni wakiniuliza kwa nini yule mama mwema hasali popote, zamani ningesema ni mambo ya machimbo. Sasa hivi nawaambia nilimfukuza mimi, tena kwa nyimbo.