Eksi ya Mama Keji, na Miaka Yangu ya Kuuza Beti za Mpira

Siku yangu ya kwanza kazini katika duka la beti mjini Arua, Uganda, mteja wa kwanza aliinama dirishani akaniambia, "Mama, andika: moja, eksi, eksi, mbili, moja." Nikaandika kwa mwandiko mzuri, kisha nikatulia. Alipoona namtazama tu akauliza, "Mama nangoja nini?" Nikamjibu kwa upole kwamba nangoja namba zilizobaki, maana namba yake ya simu haijatimia. Foleni nzima iliangua kicheko. Meneja akatoka ofisini kuona kuna fujo gani, na alipoelezwa ilibidi avue miwani apanguse machozi.

Wakati huo nilikuwa nimeshapita umri wa wasichana wanaoajiriwa kukaa kwenye madirisha yale. Nilikuwa nimeuza maharagwe na sabuni katika soko la Inde hadi watoto wangu wakakua. Meneja alinichukua kwa sababu moja tu, na hakuificha. "Wateja wanaona haya kumtukana mama mtu mzima," alisema. "Hayo mengine nitakufundisha."

Na kweli alinifundisha. Alikuwa mtu mrefu, mwenye tai hata siku za joto kali, na kila asubuhi kabla hatujafungua alinikalisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Moja, alisema, ni mwenyeji, timu inayocheza nyumbani kwake. Mbili ni mgeni. Eksi ni sare. Hiyo ndiyo beti mama. Nyingine zote ni watoto na wajukuu wake. Kisha kuna odi, ile namba ndogo iliyo pembeni ya jina la timu. Unaizidisha kwa pesa uliyoweka. Ukiweka elfu moja kwenye odi ya mbili, tiketi ikishinda unapokea elfu mbili, na ile elfu yako ya kwanza imo humo humo.

"Wateja watakuja wanakimbilia odi kubwa," aliniambia. "Wewe jua kwamba odi kubwa ni kampuni inamwambia mtu kwa adabu kwamba haiamini anachokisema. Na hata odi ndogo, kampuni imeipunguza kidogo ili ibaki na chake."

Ninyi mliotimiza umri unaoruhusiwa na sheria mnaona mambo haya kwenye simu zenu, mnabonyeza tu. Sisi tulibeti kwa midomo. Mteja alisema, mimi niliingiza kwenye kompyuta, mashine ikatoa tiketi, akaihakiki palepale dirishani. Kwa hiyo karani ilimpasa aijue kila beti, na aweze kuieleza kwa Kilugbara, kwa Kiswahili chetu cha huku, na kwa ishara za mikono.

Iliyonisumbua zaidi kueleza ilikuwa ile ya idadi ya magoli. Unachagua kama mechi itakuwa juu au chini ya magoli mawili na nusu. Mzee mmoja fundi baiskeli aligoma kabisa. "Nusu goli iko namna gani?" aliuliza. "Mpira naingia nusu, nusu nabaki nje?" Nikamweleza kwamba nusu haipo uwanjani. Imewekwa ili pasiwe na katikati: magoli mawili ni chini, matatu ni juu, hakuna ubishi. Alifikiri, akasema, "Basi hiyo nusu ni refa." Tangu siku hiyo nilieleza kwa maneno yake.

Walipenda pia ile ya timu zote kufunga, ambayo Arua tuliiita goli-goli. Hapo hujali nani ameshinda. Unataka tu kila upande upate walau goli moja. Waoga walichukua nafasi mbili: unachagua moja pamoja na eksi, kwa mfano, na mwenyeji akishinda au akitoka sare, umepata. Odi yake ni nyembamba, maana umejikinga. Na vijana wenye haraka waliunganisha mechi nyingi kwenye tiketi moja, kitu ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita mkeka. Odi zinazidishana, namba ya malipo chini ya tiketi inavimba hadi mtu anaanza kuchagua rangi ya gari. Lakini mechi moja ikianguka, tiketi nzima imekufa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa mji wa Koboko kuwa msimamizi wa duka. Lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, mlinzi mmoja, karani mmoja, na mimi. Juu yangu alikuwapo Msimamizi wa Kanda, aliyekaa Arua na kutufikia kwa simu. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na jibu moja kwa kila tatizo: "Funga mlango, ita polisi."

Wateja wangu wakubwa pale walikuwa wawili, na hawakufanana hata kidogo. Wa kwanza ni Lemi, muuza mbao, mwenye sauti ya kupasua ukuta, shabiki wa timu moja ya ng'ambo inayovaa jezi nyekundu. Yeye aliweka moja kwa timu yake kila ilipokuwa mwenyeji, hata ikicheza na nani. Wa pili ni Mama Keji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliyeuza chai na mandazi ng'ambo ya barabara. Aliweka kiasi kidogo sana, mara moja kwa wiki, na kila mara aliweka eksi. Nilidhani hajui alama nyingine.

Ikaja mechi ya nusu fainali ya kombe, timu ya Lemi nyumbani. Lemi aliweka moja, na safari hii aliweka kiasi ambacho kilinifanya nimuulize mara mbili. "Mama Ayiko, andika," alisema. Ayiko ni mwanangu wa kwanza. "Kama hawa hapana shinda, mimi naacha mbao, nauza maji."

Dakika tisini ziliisha goli moja kwa moja. Wakaongezewa muda, na timu ya Lemi ikafunga, ikafuzu. Mji ulilala na furaha.

Asubuhi nilisikia nyimbo kabla sijamaliza kufungua wavu. Lemi alikuja na majirani, wapasua mbao wake, waendesha boda na jamaa zake waliotoka kijijini Dranya, wote wakicheza. "Mama Ayiko! Leo mimi napokea! Mbuzi iko kwa moto tayari!"

Nilipoipitisha tiketi kwenye mashine, ikatoa neno moja: imepoteza. Nilijua sababu, na nilijua hakuna anayetaka kuisikia.

"Mashini iko mgonjwa," Lemi alisema. "Weka tena."

Niliweka tena. Nyimbo zilianza kufa, kuanzia mbele kwenda nyuma. Kisha mtu akapaza sauti, "Wao nakula pesa ya Lemi!" Mikono ikashika wavu, ukaanza kutikisika. Mlinzi alinitazama kama anayenikumbusha ana watoto wangapi. Nikampigia Msimamizi wa Kanda, naye hakunikatisha tamaa: "Funga mlango, ita polisi, na usiseme neno."

Nilifikiri kidogo. Nikifunga mlango, kila mtu Koboko atakuwa na hakika kwamba tumeiba. Na hawa walikuwa majirani zangu. Niliwajua watoto wao na magonjwa yao. Nikafungua mlango wa pembeni nikatoka nje.

"Lemi, baba," nilisema, "refa alipopuliza dakika tisini, ilikuwa ngapi?"

"Moja kwa moja. Lakini wao naongeza muda, sisi nafunga!"

"Beti ya moja, eksi, mbili huishia kwenye dakika tisini na zile chache za majeruhi. Muda wa nyongeza haumo, penalti hazimo. Kwa tiketi hii, mechi ilikuwa sare."

"Sheria ya nani hiyo?" kijana mmoja wa boda alifoka. "Sheria ya wezi!"

Umati ulisogea. Nilihisi ukuta mgongoni. Hapo nikasikia sauti ndogo kutoka nyuma, na watu wakapisha kwa sababu alikuwa ameshika birika la moto.

"Mama Ayiko," alisema Mama Keji, "mimi iko na eksi."

Akanyoosha tiketi yake, yenye madoa ya chai. Sijawahi kufurahi namna ile kuona karatasi.

Niliiinua juu wote waione. "Hii ni mechi ileile," nilisema. "Mama Keji aliweka sare. Kama muda wa nyongeza unahesabiwa, amepoteza, maana timu ya Lemi ilishinda. Kama hauhesabiwi, lazima tumlipe. Duka haliwezi kula pande zote mbili. Njooni mtazame."

Nikamwachia Lemi mwenyewe aipitishe tiketi ile kwenye mashine. Ikatoa: imeshinda. Karani akalipa palepale, mbele ya macho yote. Hazikuwa pesa nyingi. Zilitosha gunia la unga na kubakiza, ila Mama Keji alizipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Kijana wa boda akaachia wavu. "Sasa wewe kwa nini naweka eksi kila siku?" alimuuliza.

Mama Keji aliona haya kidogo. "Hao watu wote nakimbia sana," alisema. "Mimi hapana penda mmoja alie."

Wote wakamgeukia Lemi, na mimi nikamtazama kwa hofu, kwa kuwa wenzake wangefanya atakachofanya yeye. Alisimama na tiketi yake iliyokufa, kifua kinapanda na kushuka. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Na mbuzi yangu sasa?"

"Mbuzi hapana jua matokeo," Mama Keji alimjibu. "Lete tukule. Unga na chumvi ni yangu."

Lemi ndiye aliyeanza kucheka. Tulikula mbuzi yule kwenye uwanja wake wa mbao, tumekalia magogo, na mlinzi wangu alipewa mguu mzima. Kati ya tonge na tonge Lemi aliniuliza kama kuna beti inayohesabu hadi mwisho kabisa. Nikamwambia ipo, inaitwa kufuzu, na ikiwa fainali inaitwa kubeba kombe. "Basi funza sisi hizi zote," alisema. "Sisi nabeti kama vipofu."

Ndivyo yalivyoanza masomo ya Jumamosi asubuhi. Lemi alileta ubao, Mama Keji alileta chai, nami nikachora. Nilieleza hendikapu, yaani timu dhaifu kupewa goli la kuanzia kwenye karatasi kabla mpira haujachezwa. Nilieleza matokeo kamili, kutaja mbili kwa moja au tatu bila, na kwa nini odi yake ni kubwa vile. Nilieleza hasa tiketi ndefu: kila mechi unayoongeza ni mlango mwingine wa kupotezea.

Msimamizi wa Kanda alipokuja alikuwa na hasira mbili. Kwanza, nilifungua mlango alioniambia nifunge. Pili, tiketi za Koboko zilikuwa zimefupika.

"Mama, tunauza beti au tunazizuia?" aliniuliza mbele ya darasa.

"Tunauza, bwana. Ila mtu anunue kitu anachokijua."

"Naweza kukuondoa hapa leo."

"Naweza kurudi Inde leo," nilisema. "Maharagwe bado yanaliwa."

Alikaa kwenye benchi la nyuma, nadhani ili apate sababu zaidi. Akamsikia Lemi akimweleza mgeni mmoja dakika tisini, kwa ukali na kwa usahihi, kama ameitunga sheria yeye. Akamwona kijana wa boda akipunguza tiketi yake kutoka mechi nyingi hadi mbili, halafu akija dirishani kuilipia. Akanywa chai, akaongezewa. Alipoondoka hakuniambia nimefanya vizuri. Hakuwa na desturi hiyo. Lakini baada ya muda alianza kunitumia makarani wapya wa kanda wakae kwanza Koboko wajifunze, na sijawahi kutikisiwa wavu tena.

Nimestaafu sasa, niko nyumbani karibu na Kuluva, na vijana huja kuniuliza siri. Siri sina. Weka pesa ambayo hata ikipotea utakula usiku huo. Jua beti yako inaishia dakika gani. Na siku unapobeti ili kurudisha ya jana, rudi nyumbani. Nimewaona wachache waliokataa kurudi nyumbani, na sitaki kuwachekesha kwa habari zao.

Jumapili moja baada ya kustaafu, jirani yangu alinialika kutazama mpira kwenye televisheni yake. Miaka yote ile kila goli nililisikia kama kazi: hili linaua tiketi za fulani, hili linageuza chini kuwa juu, hili litanijazia foleni kesho. Siku hiyo kijana mmoja mwembamba, ambaye hata jina lake sikulijua, alipita mabeki wawili akaupiga mpira ukajipinda hadi kona ya juu. Nilijikuta nimesimama, mikono hewani, napiga kelele hadi kuku wakakimbia uani. Jirani akaniuliza nimeweka ngapi.

"Sijaweka kitu," nilimwambia. "Limeingia vizuri tu."