Pale Msafara Ulipopinda

Video ya droni haina sauti. Watu wengi hawajui hilo mpaka waione. Unaona watu wanacheza, akina mama wameachama kwa vigelegele, dijei ameinua mikono, na husikii kitu. Wimbo Lorine huutia baadaye kwenye kompyuta. Ile ya harusi ya Kosele mimi niliiona kabla haijatiwa wimbo, na mpaka leo nikifumba macho inanijia hivyo hivyo, kimya.

Lorine ni binti ya kaka yangu. Ananiita Waya, ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi wa upande wa baba. Ana studio ndogo Migori, nyuma ya steji ya matatu: pazia la buluu ukutani, stuli moja, na kioo cha watu kujitengeneza nywele. Anapiga picha za pasipoti na za watoto wakimaliza shule. Lakini kazi iliyomlisha miaka yote ni matanga. Huku kwetu mtu hazikwi bila kamera. Watoto walio mbali wanataka kuona mzee alilazwa vipi, na wanataka kuona nani alilia na nani alikuwa anakula tu. Lorine ana mkono mtulivu, na hamsukumi mjane ili apate picha. Kwa hiyo wakamwita, wakazidi kumwita, mpaka jina likamganda: Kamera ya Matanga.

Jina kama hilo likishakuganda, harusi hazikuji. Sokoni akina mama walikuwa wakimtania, "Lorine, usinielekezee hiyo kitu yako, bado nina watoto wa kusomesha!" Anacheka pamoja nao. Siku moja bibi harusi wa kanisani kwetu alimwona kwenye lango ameshika kamera, akaficha uso kwa maua yake. Hapo hakucheka. Jioni alikuja kwangu, akakaa jikoni, chai ikapoa mbele yake.

"Waya, nimechoka kupiga watu waliofumba macho," akasema. "Nataka harusi. Moja tu ikitoka vizuri, watanyamaza."

Ndugu yake Odhiambo, anayefanya kazi Katari, ndiye aliyemtumia droni. Tulikuwa tukienda nayo kiwanja cha shule Jumapili asubuhi, mimi nikibeba begi. Jamani, kujifunza si mchezo. Ikiwa imekupa mgongo, kushoto ni kushoto. Ikigeuka kukutazama, kushoto kunakuwa kulia, na mkono unasahau. Alishaipeleka kwenye mkalitusi, tukaitoa kwa mti mrefu wa kuangulia maembe. Mwewe nao waliishambulia. Nilikuwa naomba kimoyomoyo kila ikipaa.

Halafu simu ikaja kutoka Kosele. Min Cephas, yaani mama Cephas, mjane, alikuwa anamwoza kijana wake Cephas kwa msichana wa Kisii anayeitwa Joyline Nyasuguta. Lorine ndiye aliyepiga video ya mazishi ya mumewe, na mama huyo hakusahau kwamba siku ile alipozidiwa kaburini, Lorine aliweka kamera chini akampa leso. Shemeji yake Zablon, ndugu mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa boma sasa, na yeye hakutaka. Tulisimuliwa walivyojibizana.

"Unaleta Kamera ya Matanga kwa harusi? Basi leta na jeneza kabisa, tusisumbuke mara mbili!"

"Jeneza lako litakuja kwa wakati wake, shemeji. Msichana atakuja Jumapili."

Tukaenda. Tulipofika tuliona boma limepanuliwa. Mahema hayangetosha ndani, kwa hivyo Zablon alikuwa ameamuru ua wa upande wa chini ukatwe, ule wa ojuok, mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa. Visiki vilikuwa bado vinadondosha. Zamani, nje ya ua huo palikuwa malisho tu. Sasa pamekuwa ndani, nyasi zimefyekwa sawa, hema la maharusi limesimamishwa mwisho kabisa. Zablon alikuwa anatembea hapo na fimbo yake, amefurahi.

"Umeona, Waya wa Migori? Nimewatengenezea uwanja wa ndege. Sasa hiyo ya kwenu isianguke kwa sufuria yangu ya nyama."

Lorine alipoipaisha mara ya kwanza, kuku wote wa boma waliingia chini ya magari wakidhani ni mwewe.

"Hata kuku wamejua ni nani amekuja!" Zablon akapaza sauti, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Lorine akacheka pia. Mimi niliona jasho limeshuka mpaka kwenye vidole vyake.

Maharusi walifika jua likiwa limeanza kuegama. Kwaya mbele, Zablon mbele ya kwaya, Cephas na Joyline katikati, jamaa nyuma. Waliingia kwa lango kubwa wakateremka kuelekea hema. Lorine alikuwa ameisimamisha droni juu yao kabisa, na mimi nimemfunika na leso yangu ili jua lisiue kioo cha simu. Tukawa kama watu wawili wanaochungulia kisima. Watu walionekana wadogo kama maharagwe, na vivuli vyao virefu kuliko wao.

Mstari ulikuja umenyooka. Ulipovuka mahali ua ulipokuwa, ukapinda. Ulizunguka kidogo upande wa kushoto, kama maji yakifika kwa jiwe, kisha ukanyooka tena mpaka hemani.

"Kuna shimo pale, Waya?"

Niliinua leso nikatazama. Nyasi tu. Hapakuwa na shimo, wala jiwe, wala kinyesi cha ng'ombe.

"Hakuna kitu."

Tukarudi chini ya leso. Wa mwisho wa msafara nao wakapinda. Akaja mtoto mbio anafuata puto, akapinda. Mbuzi aliyekuwa amekata kamba akashuka kutoka lango, akapinda.

Lorine aliishusha droni kidogo. Hapo ndipo nyasi zenyewe zilipoonekana. Palikuwa na sehemu yenye kijani kilichokoza kuliko kwingine, na haikuwa doa tu la unyevu. Ilikuwa na kona. Ndefu, nyembamba, imenyooka pande zote.

"Waya," akasema polepole, "urefu huo ninaujua."

Nani asingeujua? Amesimama juu ya urefu huo kila wiki.

"Enda usimame pale, nijue ni wapi. Nikitoa macho kwa kioo pananipotea."

Nikatoka chini ya leso nikaenda. Yeye alikuwa ananielekeza kwa sauti ya chini, "Mbele, Waya. Mbele tena. Rudi nyuma kidogo. Hapo." Nikasimama. Ningependa kusema nilisikia baridi, au harufu, au nywele zilisimama. Sikusikia chochote. Nyasi zilikuwa nyasi. Nilipokuwa nimesimama hapo vijana wawili wakaja wamebeba meza ya keki.

"Mama, tunaomba utupishe, emsii amesema iwekwe hapa katikati, kila mtu aone."

Niliwaambia wangoje. Nilirudi kwa Lorine, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nikisema," akanong'ona, "Zablon ataniambia nini? Kwamba nimekuja na kaburi ndani ya begi. Hii ndiyo harusi yangu ya kwanza, Waya. Na itakuwa ya mwisho. Nikinyamaza, naipaisha tu juu ya keki, inatoka vizuri, hakuna atakayejua."

"Wewe unajua," nikamwambia.

Betri ilikuwa inaisha. Aliirudisha droni chini, akaichukua mkononi, akasimama nayo kama mtu aliyeshika ndege aliyejeruhiwa. Kisha akamwendea Min Cephas, aliyekuwa amekaa mstari wa kwanza na kitambaa kipya kichwani, akapiga goti.

"Mama, nisamehe. Kuna mtu amelazwa pale nje ya ua wa zamani?"

Min Cephas akamgeukia. "Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nimeona kutoka juu."

Akamwonyesha. Mama huyo alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha akaweka kidole kwenye ile kijani, taratibu, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa.

"Rispa," akasema.

Rispa alikuwa binti yake wa kwanza. Alipofariki kwa homa, mama yake alikuwa hospitali amepasuliwa, na mtoto aliyetolewa tumboni ndiye huyu Cephas anayeoa leo. Kwa mila yetu msichana aliyekuwa mkubwa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma. Hulazwa nje ya ua, na hapajengewi kitu, panaachwa pasawazike. Mama aliporudi na mtoto mchanga akaambiwa mambo yameisha. Aliuliza ni wapi. Mumewe akasema usiulize. Aliuliza mpaka mumewe akafa, hakuambiwa.

Zablon alikuwa ameshafika. "Nilisema! Sikusema? Kamera ya Matanga! Mtu anakula keki, yeye anatafuta kaburi!"

"Shemeji," Min Cephas akamkata bila kupandisha sauti. "Ni wewe uliyechimba. Ni hapa?"

"Hapa wapi! Ni kule chini zaidi. Kama ni hapa, mimi ningepitisha watu? Mimi nimetembea moja kwa moja mpaka hemani."

Lorine alirudisha video nyuma, akampa simu. Zablon alijitazama kutoka juu: kofia yake, fimbo yake, anakuja amenyooka, anafika mahali, anapinda. Na mbuzi nyuma, anapinda.

"Nilitembea moja kwa moja," akasema tena, lakini sasa alikuwa anatuuliza. Baadaye kidogo akasema ua ulisogezwa kuelekea chini mwaka wa mvua kubwa, na yeye alisahau kwamba ulisogezwa. Hakufanya kelele tena siku hiyo.

Cephas na Joyline waliitwa kando wakaambiwa. Cephas aliinamisha kichwa. Joyline akauliza tu, "Ni wifi yangu?" Akaambiwa ndiyo. Emsii akauliza kama shughuli ihamishwe kule juu. Min Cephas akakataa.

"Meza ipelekwe kando. Na mimi nileteeni kiti."

Kiti kikawekwa pembeni mwa zile nyasi. Akakaa hapo, peke yake kwenye jua, hotuba zote, nyimbo zote. Walimletea mwavuli akaurudisha. Maharusi walipokata keki na kuwalisha wazazi, Joyline alivuka uwanja na gauni lake, akamlisha mama mkwe wake. Kisha akaweka kipande kingine kwenye sahani, akakiacha chini karibu na kiti. Mimi ni Mwadventista, nilitaka kuuliza ni cha nani. Sikuuliza.

Lorine aliipaisha droni tena na betri ya pili, maana alikuwa amekuja kufanya kazi, na aliifanya vizuri. Ilipanda polepole, haikuyumba, watu wote wakainua nyuso na kupunga mikono.

Wiki hiyo tuliitazama studio, mchana, pazia limevutwa. Kimya. Nikaona watu wanapunga. Nikaona Min Cephas, nukta ndogo ya kitambaa cheupe, na wachezaji wanaomzunguka wakiacha nafasi ndefu mbele ya magoti yake, ingawa hakuna aliyewaambia waiache, na wengi wao hawakuwa wamejua bado. Na nikajiona mimi mwenyewe, wakati ule nilipotumwa. Ninakumbuka nilivyotembea. Nilielekezwa mbele, nikaenda mbele. Lakini yule mama wa kwenye kioo, mwenye gauni langu, alifika ukingoni mwa ile kijani, akazunguka, akasimama upande wa pili. Hakukanyaga.

"Nilikuambia rudi nyuma kidogo," Lorine akasema, "na bado hukuingia. Ukasimama ukingoni."

Nilifundishwa tangu utoto kwamba wafu wamelala na hawajui lolote, na ndivyo ninavyoamini hata ninapoandika hivi. Nimemwomba Mungu anieleze miguu yangu. Bado ninangoja.

Siku chache baada ya Joyline kupelekewa video, Lorine alimwambia anaweza kuzikata zile sehemu za kaburi. Joyline akasema, "Dada, usikate. Mama mkwe anaitazama kila jioni." Min Cephas amepanda maua pande nne, na Zablon, nasikia, ndiye aliyemletea maji ya kumwagilia.

Lakini sokoni Migori maneno yalifika kabla yetu. "Kamera ya Matanga imepeleka matanga harusini." Msimu wote wa harusi ukapita bila simu. Lorine akakunja ile droni akaiweka juu ya kabati.

Juzi nilikuwa studio nikimenya njugu, simu yake ikalia. Akaiweka kwenye spika tusikie wote. Sauti ya mama mzee, kutoka upande wa Kendu Bay.

"Ni wewe mwenye ndege?"

"Ndiyo, mama. Ni harusi?"

"Hapana, mwanangu. Mimi sina harusi." Akapumua. "Nasikia yako inaona. Mimi nina kijana wangu. Baba yake alimzika nikiwa sipo."

Lorine alinitazama. Yule mama akasema, haloo, haloo. Kisha akainuka, akavuta stuli, akapanda, akaishusha droni kutoka kabatini. Akaipuliza vumbi.

"Tutakuja Jumapili, mama," akasema.

Sikuuliza kama ninaenda. Lazima awepo mtu wa kusimama pale atakapoelekezwa.