Mwaka Tuliofunga Mwamba kwa Ajili ya Kuhe

Enzi zetu, Jumapili mchana Rumonge yote, mji wetu wa ziwani, ilinuka mawese mapya na ndagala, yaani dagaa, walioanikwa, na mtoto asiye na uzi wa kuvulia hakuwa na pa kwenda. Sisi wa kanisani tulirudi mbio, tukavua viatu, tukameza bugali na mboga ya lengalenga bila kutafuna vizuri, kisha tukateremka ziwani kupitia kwenye michikichi. Hawa, ambaye kwao ni Waislamu, alikuwa ameshafika zamani. Tulimkuta amekaa juu ya mwamba, kitambaa kichwani, fimbo mkononi.

"Leo padri alilala, ao ni nyinyi mulilala?" alituuliza kila Jumapili, na kila Jumapili tulicheka.

Mwamba wenyewe ulitokeza majini kama mgongo wa kiboko. Haukuwa wa mtu, kwa hiyo tuliuita wetu. Mimi sikuwa msemaji. Darasani mwalimu akiniuliza, niliinamia daftari mpaka mwingine anyooshe kidole. Pale mwambani hakuna aliyeniuliza kitu. Tulikaa miguu majini, jua linachoma mgongo, milima ya Kongo ng'ambo imefifia kama imechorwa kwa chaki, na mtu akinyamaza saa nzima alionekana mvuvi hodari tu.

Ila wavuvi hasa hatukuwa. Wavuvi walikuwa baba zetu, walioingia ziwani na taa na nyavu kutafuta ndagala na mukeke. Sisi tulivua kwa raha: fimbo ya mwanzi, uzi, ndoano moja, minyoo ndani ya kopo la maziwa. Mama alizoea kuniambia, "Samaki wa muchezo hawashibishi nyumba. Enda ucheze, lakini usiniletee vitoto vya kidole, nianze kutafuta macho yao mu sufuria!"

Hawa alituzidi miaka michache, basi yeye ndiye alikuwa serikali. Alitulazimisha kulaza lile jino la ndoano kwa kuligonga na jiwe, ili samaki akitolewa asichanike mdomo. Samaki asiyejaza kiganja alirudi majini. Ukishapata mboga ya jioni, kunja uzi, ruka uogelee, waachie wengine. Watoto wa siku hizi wakinasa kisamaki kimoja wanakipiga picha upande huu, wanakigeuza, wanapiga tena, mpaka maskini kinakufa kwa umaarufu. Halafu wanasema wamekirudisha.

Lakini sheria kubwa ilihusu kuhe. Huyu ni samaki mkubwa wa manjano, mwenye madoa meusi ubavuni, mtamu kuliko wote, na kila mtoto wa Rumonge aliota kumvua mmoja. Wakati wa kulea, dume na jike husogea karibu na ufuo na kutunza watoto wao chini kwenye mchanga. Maji yakitulia unawaona kutoka juu: watoto wamejaa kama moshi mdogo, na wazazi wanazunguka, hawali, wanafukuza kila kinachokaribia. Babake Hawa alikuwa akisema, "Mwenye kulea havuliwi." Hivyo kuhe wakifika kulea, mwamba unafungwa. Hakuna ndoano mpaka watoto wakue waondoke.

Mwaka ule walikuja mbele kabisa ya mwamba wetu, na ndio mwaka Bukuru alikuwa anahama.

Bukuru alikuwa rafiki yangu, na kwa kuwa hili daftari ni langu nitaandika ukweli: nilimpenda. Wazazi wake walitoka Kivu, mamake aliuza samaki sokoni, na sasa walikuwa wanahamia Nyanza-Lac kwa mjomba. Alikuwa anajua kuchezesha uzi kuliko sisi wote, ila hakuwa amewahi kupata kuhe. Jumapili yake ya mwisho alikuja na fimbo.

"Mwamba umefungwa," Hawa alimwambia.

"Dada Hawa, kesho naenda. Mara moja tu."

"Kuhe nao hawajui kama unaenda."

"Kule Nyanza-Lac wataniuliza, weye wa Rumonge, ulishavua kuhe? Nitajibu nini?"

"Jibu kama dada Hawa ni mubaya."

Tulicheka, Bukuru hakucheka. Alisogea ukingoni, akarusha. Hawa hakumshika mkono. Moyoni nilitaka apate.

Ndoano haikufika hata chini. Kuhe mmoja aliiendea kama mtu aliyetukaniwa mama yake, fimbo ikapinda, sote tukaruka juu tukipiga kelele. Bukuru alirudi nyuma, akavuta, akamlaza juu ya jiwe lenye maji. Mkubwa! Mrefu kuliko mkono wangu. Anang'aa manjano, mapezi yametanuka. Bukuru alikuwa anacheka peke yake.

Hawa alichungulia majini. "Angalieni," alisema.

Tukaangalia. Kuhe aliyebaki alikuwa anakimbia huku na huku peke yake. Alipofukuza samaki wadogo upande huu, wengine waliingia upande ule, wakaudokoa ule moshi wa watoto, na ukaanza kupungua mbele ya macho yetu.

"Ni wako," Hawa alimwambia Bukuru, taratibu kabisa. "Peleka kwa mama. Lakini usiseme umemuvua. Huyu hakuwa na njaa. Alikuja kupigana."

Bukuru alimtazama samaki, akatazama maji. Ile ndoano yake iliyogongwa jino ilitoka bila taabu. Alipiga magoti, akamshika kuhe majini kwa mikono miwili mpaka akapata nguvu, akamwachia. Samaki aliteremka moja kwa moja kwa watoto wake, na wezi wakatawanyika.

"Nitawaambia sijavua," Bukuru alisema, akipangusa uso. Sijui kama yalikuwa maji ya ziwa. Kesho yake akaondoka.

Siku hizi ziwa lote linafungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazae, na mtaani watu wananung'unika kana kwamba jambo kama hilo halijawahi kusikika. Nina miaka kumi na saba, Hawa ameolewa Kigwena, wengine wako internat, shule za bweni, na Jumapili natembea peke yangu. Juzi nilikuta watoto nisiowajua wamesimama juu ya mwamba, nyuzi tayari, simu imeelekezwa majini. Chini yao kuhe wawili walikuwa wanazunguka ule moshi mdogo.

"Hapa pamefungwa!" Sauti ilikuwa yangu. Ilinishtua hata mimi.

"Nani amefunga?" mmoja aliuliza, mkali.

"Sisi."

Wakakunja nyuzi polepole, wananung'unika. Kisha yule mkali akachungulia nyuma yangu, kushoto na kulia, akitafuta hao wengine.